Vibandiko vya Shangazi na Vidokezo vya Tkinter

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, na kwa miaka kadhaa sasa mauzo ya duka hilo yanapita katika programu ndogo ya kompyuta niliyomwandikia kwa lugha ya Python. Miezi michache baada ya kumfungia programu hiyo nilikwenda kumsalimia, nikakuta amebandika kwenye ukingo wa juu wa skrini vipande sita vya utepe wa karatasi, ule ambao mafundi rangi huutumia kuzibia fremu za madirisha, na juu ya kila kipande ameandika kwa kalamu ya wino mzito: UZA, RUDISHA, STOO, MADENI, PUNGUZO, FUNGA SIKU. Kila kipande kilikuwa kimelengwa kwa uangalifu juu ya kitufe chake. Nilipomwuliza, alinijibu bila hata kuinua macho kwenye daftari lake: “Hivyo vipicha vyako ni vizuri, mwanangu, ila havisemi.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilikuwa nimepanga vitufe sita vyenye picha tupu, bila neno hata moja, kwa sababu nilivutiwa na usafi wa mwonekano ule. Picha ya kurudisha bidhaa ilikuwa mshale uliopinda kuelekea kushoto, ambao mimi niliuona kuwa ni mfuko unaorudi stoo, na yeye aliuona kuwa ni kurudi ukurasa wa nyuma. Vibandiko vyake vilitatua tatizo hilo mpaka siku dirisha la programu liliposogezwa kidogo upande wa kulia, vibandiko vikabaki palepale, na kijana wa zamu akafuata kibandiko badala ya picha. Siku hiyo mifuko kumi ya saruji ilirudi stoo kwenye hesabu, huku mifuko yenyewe ikiwa imeshapakiwa kwenye guta na mteja ameshaondoka nayo.

Nilichopaswa kuweka tangu mwanzo ni kile kijidirisha kidogo cha maandishi kinachotokea mtumiaji anapotuliza kishale cha kipanya juu ya kitufe, na kutoweka anapokiondoa. Wenzangu wa kazi hukiita tultipu. Mimi nimezoea kukiita kidokezo, kwa kuwa kitenzi kudokeza kinaeleza kazi yake vizuri kuliko tafsiri yoyote niliyowahi kuisikia: anayedokeza hatoi hotuba, hamkatizi mtu kazi, na akishasikika hunyamaza.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1991 kampuni ya Apple ilitoa System 7 kwa kompyuta zake za Macintosh, na ndani yake kulikuwa na msaada uliochorwa kama viputo vya maneno vya kwenye katuni. Mtumiaji aliuwasha kwenye menyu, na tangu hapo kila kitu ambacho kishale kilikigusa kilitoa kiputo chenye maelezo, na kwa mtu anayejua anachokifanya viputo hivyo vilikuwa kero. Umbo lililokuja kushinda ni lile tulilolizoea kuanzia enzi za Windows 95, yaani kipande kidogo cha njano chenye maneno machache, ambacho hakihitaji kuwashwa wala kuzimwa kwa sababu hutokea tu pale kishale kinapotulia. Tofauti kati ya viputo vile na kipande hiki iko kwenye subira, na nilipokuwa nikiandika cha kwangu niligundua kwamba kazi karibu yote ya kidokezo imo ndani ya hiyo nusu sekunde ya kusubiri.

Kama ningekuwa nimeandika programu ile kwa Qt, mojawapo ya zana za kujengea madirisha na vitufe vya programu, kazi ingekuwa ya mstari mmoja: kila wijeti ya Qt, yaani kila kitufe, kisanduku au kipande kingine cha dirisha, inajua kupokea kidokezo kwa kuitiwa setToolTip. Zana nyingine ni hivyohivyo: GTK ina set_tooltip_text, na Swing ya Java ina setToolTipText. Mimi nilitumia Tkinter, zana ya aina hiyohiyo, kwa sababu huja pamoja na Python yenyewe na kompyuta ya shangazi, mashine ya zamani iliyonunuliwa mtumba, haikuhitaji kuwekewa kitu kingine kizito. Tkinter ina vitufe, orodha, visanduku vya kuandikia na menyu, lakini haina wijeti ya kidokezo. Zamani mtu angeweza kutumia moduli ya tix, iliyokuwa na wijeti iitwayo Balloon, ila moduli hiyo ilishatangazwa kuwa haifai kutegemewa tangu Python 3.6, na katika toleo la 3.13 lililotoka mwaka 2024 ikaondolewa kabisa.

Ipo njia nyingine ambayo wengi hawaijui. IDLE, kile kihariri kidogo kinachokuja na Python, kimeandikwa kwa Tkinter, na ndani yake kuna faili la tooltip lenye klasi, yaani kifurushi cha msimbo, iitwayo Hovertip. Unaipa wijeti na maandishi, nayo inafanya yaliyobaki, ikisubiri milisekunde 1000 kabla ya kujitokeza. Ningeweza kuishia hapo. Hata hivyo faili hilo ni sehemu ya ndani ya IDLE, na waandishi wake hawajaahidi kwamba halitabadilika, nami sikutaka duka lisimame siku moja kwa sababu ya faili nisilolimiliki. Nililisoma kwa makini, nikajifunza mengi, kisha nikaandika la kwangu. Lina mistari isiyofika sitini pamoja na maoni.

Mtu akikitazama kidokezo kwa jicho la mtengenezaji, ataona ni dirisha kamili lililovuliwa nguo. Katika Tkinter huanza kama Toplevel, yaani dirisha la kawaida lenye upau wa jina na vitufe vya kufungia, kisha huambiwa kwa overrideredirect kwamba msimamizi wa madirisha asiliguse, na upau ule unatoweka. Ndani yake huwekwa Label moja yenye maandishi, mpaka mwembamba na rangi ya njano iliyopauka. Mimi nimechukua #ffffe0, rangi ileile inayotumiwa na IDLE, na nimetaja wazi kwamba wino uwe mweusi, kwa sababu kwenye kompyuta yenye mandhari ya giza maandishi meupe juu ya njano hayasomeki. Kisha huambiwa likae wapi kwenye skrini. Hayo yote ni mepesi. Ugumu uko katika kujua lini lizaliwe na lini life.

Jaribio langu la kwanza halikuwa na subira yoyote. Nilifunga tukio la Enter, ambalo Tk, injini iliyo ndani ya Tkinter, hulitoa kishale kinapoingia kwenye wijeti, nikaliambia lionyeshe dirisha papo hapo, na tukio la Leave likaliondoa. Isitoshe, niliamua kukiweka kidokezo palepale kishale kilipo, nikiamini kwamba ndipo macho ya mtumiaji yalipo. Nilipopeleka kishale juu ya kitufe cha STOO, skrini ilianza kumeta kama taa ya mtaani inayokaribia kuungua. Kidokezo kilitokea, kikapotea, kikatokea, kikapotea, mara nyingi kwa sekunde, na feni ya kompyuta ikaanza kulia.

Nilikaa na hitilafu hiyo jioni nzima kabla ya kuielewa, ingawa ukishaielewa ni rahisi kuliko unavyodhani. Kishale kinaingia kwenye kitufe, Tk inatoa Enter, kidokezo kinazaliwa. Kwa kuwa kimezaliwa chini ya kishale, sasa kishale kiko juu ya kidokezo na hakiko tena juu ya kitufe, kwa hiyo Tk inatoa Leave. Kidokezo kinaondolewa. Kilipoondoka, kishale kimejikuta tena juu ya kitufe, kwa hiyo inatoka Enter nyingine, na mzunguko unaendelea mpaka mtu auondoe mkono wake kwenye kipanya. Baadaye niliona kwamba waandishi wa IDLE wameandika onyo juu ya jambo hilihili katika maoni ya msimbo wao, wakimalizia na alama ya uso wenye huzuni. Dawa ni kwamba kidokezo kisiguse kabisa eneo la wijeti inayokimiliki: kianzie pikseli moja au mbili chini ya ukingo wake wa chini, na kisogezwe kidogo kulia. Nafasi hiyo hupatikana kwa winfo_rootx na winfo_rooty, ambazo hupima kuanzia kona ya skrini. Ukitumia winfo_x na winfo_y, ambazo hupima kuanzia kwenye wijeti mzazi, utashangaa kukuta vidokezo vyako vyote vimejazana kwenye kona ya juu kushoto.

Nikaongeza subira. Tkinter ina after, ambayo hupokea idadi ya milisekunde na kazi ya kufanywa zikitimia, na hurudisha kitambulisho ambacho unaweza kukitumia kughairi kazi hiyo kabla haijafika. Sehemu inayoshughulikia muda katika klasi yangu iko hivi:

```python
class Kidokezo:
    def __init__(self, wijeti, maandishi, subira=600):
        self.wijeti = wijeti
        self.maandishi = maandishi
        self.subira = subira
        self.ahadi = None
        self.dirisha = None
        wijeti.bind("<Enter>", self.panga, add="+")
        wijeti.bind("<Leave>", self.futa, add="+")
        wijeti.bind("<ButtonPress>", self.futa, add="+")
        wijeti.bind("<Destroy>", self.futa, add="+")

    def panga(self, tukio=None):
        self.futa()
        self.ahadi = self.wijeti.after(self.subira, self.onyesha)

    def futa(self, tukio=None):
        if self.ahadi:
            self.wijeti.after_cancel(self.ahadi)
            self.ahadi = None
        if self.dirisha:
            self.dirisha.destroy()
            self.dirisha = None
```

Kitambulisho cha after nimekiita ahadi kwa sababu ndivyo ninavyokielewa: wijeti imeahidi kusema, lakini bado inaweza kuirudisha ahadi yake. Mtumiaji akipita juu ya kitufe kwa haraka akielekea kwingine, ahadi inafutwa kabla ya milisekunde 600 kutimia, na hakuna kinachoonekana. Akibonyeza kitufe, ahadi inafutwa vilevile, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuamua hahitaji kuelezwa alichokiamua.

Kila mstari wa bind, yaani unaofunga tukio kwenye wijeti, katika msimbo huo umegharimu kitu. Alama ya kujumlisha katika add inaonekana kama pambo, lakini bila hiyo bind mpya huifuta ya zamani ya tukio lilelile kwenye wijeti ileile. Nilikuwa tayari nina kazi nyingine iliyofungwa kwenye Enter ya vitufe vyangu, iliyoandika maelezo kwenye mstari wa chini kabisa wa dirisha, mtindo wa zamani ambao bado naupenda ingawa sijamwona mtu mwingine akiusoma. Nilipoweka vidokezo bila alama ile, mstari wa chini ukanyamaza na sikuligundua hilo kwa wiki mbili. Tukio la Destroy nalo liliongezwa baada ya shangazi kufunga dirisha dogo la madeni kwa haraka huku kishale chake kikiwa kimetulia juu ya kitufe cha kufunga. Dirisha lilikufa, ahadi ikabaki hai, na zilipotimia milisekunde 600 programu ikajaribu kuuliza mahali ilipo wijeti ambayo haipo tena, Tk ikalalamika kwamba haitambui njia ya dirisha hilo. Hakuna kilichoharibika, ila kosa liliandikwa kwenye faili la kumbukumbu mara nyingi kiasi kwamba makosa ya kweli yalikuwa yanafichwa katikati yake.

Kazi ya onyesha, ambayo sikuiweka hapo juu, ina jambo moja tu linalostahili kutajwa. Ukiliumba Toplevel na kulipa nafasi baadaye, kwenye baadhi ya mashine litaonekana kwa kitambo kifupi kwenye kona ya skrini kabla ya kurukia mahali pake. Kwa hiyo hulificha kwanza kwa withdraw, naita update_idletasks ili Tk ipime ukubwa wa maandishi, nakokotoa nafasi, halafu ndipo naliita litokee kwa deiconify. Kipimo hicho kinahitajika pia ili kujua kama kidokezo kitavuka ukingo wa skrini: kikizidi upande wa kulia nakivuta kushoto, na kikizidi chini nakipandisha kikae juu ya wijeti. Hesabu hiyo inamtosha shangazi mwenye skrini moja. Mimi nyumbani nina mbili, na kwa kuwa kwenye Windows winfo_screenwidth huijua skrini kuu peke yake, vidokezo vya dirisha nililolipeleka skrini ya pili vilirudi kukaa kwenye ukingo wa skrini ya kwanza, mbali kabisa na kitufe. Sijalirekebisha, na kwa duka lile sioni haja.

Sasa nirudi kwenye subira, kwa sababu hapo ndipo nilipobishana na shangazi. Watengenezaji wa zana hawakubaliani juu ya muda unaofaa. Swing husubiri milisekunde 750, kisha huondoa kidokezo baada ya sekunde 4. Windows Forms husubiri milisekunde 500 na huondoa baada ya sekunde 5. Qt kwa kawaida husubiri milisekunde 700. Nilianza na 500 nikiwa nafikiri kwamba mtu asiyejua kitu asisubirishwe, nikakaa pembeni ya meza yake asubuhi moja nikimtazama akihudumia wateja. Tatizo lilionekana haraka. Shangazi huwa anaegesha kishale. Akimaliza kuandika bidhaa moja huachia kipanya popote kilipo, akamgeukia mteja kumwuliza kama anataka misumari ya inchi tatu au nne, na kishale chake mara nyingi hubaki juu ya kitufe fulani. Aliporudisha macho kwenye skrini alikuta kipande cha njano kimefunika mstari wa kwanza wa orodha ya bidhaa.

“Hiki cha njano kinataka nini kwangu?” aliniuliza.

Nilimweleza kwamba hakitaki kitu, kinaeleza tu kazi ya kitufe.

“Mimi sijakiuliza.”

Kuongeza subira kungesaidia kidogo tu, kwani mtu anayemsikiliza mteja anaweza kuacha kishale mahali pamoja kwa dakika nzima. Nilichofanya ni vitu viwili. Kwanza nilivishusha vidokezo vya upau wa juu vikae kwenye nafasi tupu kati ya upau na orodha, nafasi ambayo nililazimika kuipanua kwa pikseli chache, ili visifunike maandishi yoyote ya kazi. Pili niliifanya programu iondoe kidokezo mara tu mtu anapogusa kibodi. Muda wenyewe niliupandisha hadi milisekunde 600, na huo ndio umebaki. Sikuweka muda wa kidokezo kujiondoa chenyewe. Najua wengi huuweka, lakini nimemwona shangazi akisoma, na husoma kwa kunyanyua miwani, kuishusha, na kusoma tena. Kidokezo kinachoondoka baada ya sekunde 4 kingemwachia nusu ya sentensi, naye angelazimika kukihamisha kishale na kukirudisha ili asome nusu ya pili.

Kuna mwongozo wa kimataifa unaogusia jambo hili. Ni wa kurasa za wavuti, haukuandikwa kwa ajili ya programu za mezani, lakini hoja yake inafaa kotekote: toleo la 2.1 la WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa zitumike hata na watu wenye ulemavu, lililotolewa mwaka 2018, lina kigezo cha 1.4.13 kinachodai kwamba kitu kinachotokea kwa kupitishiwa kishale kiweze kuondolewa bila kusogeza kishale, kishale chenyewe kiweze kupita juu yake bila kukipoteza, na kibaki mpaka mtumiaji akimalize. Dai la kwanza nimelitimiza kwa kitufe cha Esc, na la tatu kwa kutokiwekea kidokezo kikomo cha muda. La pili sijalitimiza. Kidokezo changu hufa kishale kinapotoka kwenye wijeti, hata kama kinaelekea kwenye kidokezo chenyewe, na mtu anayetumia kikuzaji cha skrini, ambaye huona sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja, atapata shida nacho. Kwa wanaotembea ndani ya programu kwa kitufe cha Tab nimefunga pia FocusIn na FocusOut, matukio ya wijeti kufikiwa na kuachwa kwa kibodi, maana bila hivyo asiyegusa kipanya hangeona kidokezo hata kimoja. Kwa asiyeona, kidokezo cha namna hii katika Tk 8.6 hakisomwi na programu za kusoma skrini, na hakuna ujanja wa mistari michache utakaobadilisha hilo.

Baada ya mitambo yote hiyo kufanya kazi nilibaki na swali ambalo nililidhani ni dogo kuliko yote, nalo ni maneno ya kuandika. Toleo la kwanza la vidokezo vyangu lilikuwa aibu. Kitufe cha kuuza kilisema “Bofya hapa kuuza”. Cha stoo kilisema “Stoo”. Ni sawa na kumwuliza mtu njia ya kwenda sokoni akakujibu kwamba soko liko sokoni. Mtu anayetuliza kishale juu ya kitufe tayari anajua kwamba vitufe hubofywa. Anachoogopa ni kitakachotokea baada ya kubofya, hasa kama kitakachotokea kinahusu fedha na hakirudi nyuma. Kwa hiyo nilianza kuandika matokeo. Kidokezo cha kurudisha sasa kinasema: “Mteja amerudisha bidhaa. Idadi itaongezeka stoo na fedha itapungua kwenye droo.” Kama kijana wa zamu angelisoma hilo siku ile, nadhani mifuko ile kumi isingerudi.

Kilichonifurahisha zaidi ni vitufe vilivyozimwa. Kitufe cha FUNGA SIKU huwa cha kijivu mpaka mauzo yote yaliyofunguliwa yalipwe au yaandikwe deni, na shangazi alikuwa akinipigia simu mara kwa mara jioni akisema kwamba kimekufa. Katika Tk wijeti iliyozimwa hukataa kubofywa, lakini matukio ya kishale kuingia na kutoka bado huyafikia maagizo uliyoyafunga mwenyewe, kwa hiyo kidokezo hufanya kazi juu yake bila ya ziada yoyote. Katika Windows Forms sivyo, kidokezo cha kitufe kilichozimwa hakitokei, na watu hulazimika kukitundika kwenye paneli iliyo nyuma yake. Niliibadilisha klasi yangu ipokee ama maandishi ama fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachoyatunga maandishi hayo, na kama ni fanksheni iitwe muda uleule wa kuonyesha, ili sababu iwe ya wakati huo. Jioni iliyofuata kitufe kilisema: “Siku haiwezi kufungwa bado: kuna mauzo 2 hayajalipwa, namba 118 na 121.” Simu za jioni zilikoma.

Lakini kadiri nilivyoandika maneno hayo ndivyo nilivyoona kwamba baadhi ya vidokezo vilikuwa vinaficha uvivu wangu. Kama kitufe kinahitaji kuelezwa kila siku kwa kila mtu, maelezo hayo yalipaswa kuwa juu ya kitufe chenyewe, yaonekane muda wote, wala yasisubiri mtu atulize mkono. Nikavipanua vitufe vyote sita, na chini ya kila picha nikaandika neno. Sikutafuta maneno mengine. Nilichukua yaleyale sita aliyoyaandika shangazi kwenye utepe wa karatasi, kwa mpangilio uleule, kwa herufi kubwa zilezile. Vidokezo vikabaki na kazi yake halisi, ya kueleza kile ambacho neno moja haliwezi kubeba. Utepe aliubandua mwenyewe, isipokuwa kipande cha PUNGUZO ambacho gundi yake ilikuwa imeshika sana.

Kipande hicho ndicho kilichonirudisha kazini mara ya mwisho. Shangazi alinipigia simu akasema kidokezo cha punguzo kimeandikwa kiofisi mno na vijana hawakielewi. Kilisema: “Weka asilimia ya punguzo kwa mauzo yaliyochaguliwa.” Nikamwomba anitajie yeye jinsi angependa kisomeke, nikachukua kalamu, naye akasema bila kufikiri mara mbili: “Andika hivi: usizidishe asilimia tano bila kuniuliza.”

Niliandika neno kwa neno, nikamtumia toleo jipya usiku uleule. Wiki moja baadaye, nikipitia mauzo pamoja naye, tulikuta punguzo la asilimia 12 kwa mteja wa mabati, lililotolewa na kijana ambaye bila shaka alikuwa amekiona kidokezo kile mara nyingi. Nikafungua msimbo, nikakifanya kisanduku cha punguzo kikatae namba inayozidi 5 mpaka iandikwe namba ya siri ya shangazi, kisha nikabadilisha kidokezo kiseme tu: “Zaidi ya asilimia 5 inahitaji namba ya siri ya mwenye duka.”